Ukuta wa Sebule ni wa Nani?

Siku hizi katika nyumba nyingi za mijini, na hata vijijini palipofika umeme, televisheni imehama mezani ikapanda ukutani. Fundi huitwa, hutoboa matundu manne, hukaza chuma chake, na kazi yote huisha kabla chai haijapoa. Huenda mtu akashangaa tukisema kwamba ndani ya matundu hayo limo swali la maadili. Walakini limo. Baba atoboaye ukuta aamua nyumba yake itazame upande gani, naye aamua kwa niaba ya watu ambao pengine hakuwauliza.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Uganda 1963, na Zanzibar 1973. Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Masanduku yale ya zamani yalikuwa mazito, yenye mgongo mrefu, yakakaa mezani au kabatini. Mama wengi waliyafunika kwa kitambaa cha kufuma, na makabati mengine yalikuwa na milango na kufuli. Twaweza kuyacheka hayo leo. Lakini kitambaa kile kilifanya kazi zaidi ya kuzuia vumbi, maana aliyetaka kutazama ilimpasa kukikunja mbele ya macho ya wenzake. Chombo kilikuwa na saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa. Kioo cha ukutani hakina kitambaa. Hata kikizimwa chabaki pale pale, cheusi, na viti vyote vyakielekea.

Hivyo viti ndivyo vitutiavyo wasiwasi. Sebule ya kwetu ilipangwa viti vikitazamana, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kupokea watu. Mgeni aliletewa maji, akaulizwa habari za nyumbani kwake, za wazee, za mvua, naye akajibu akitazamwa usoni. Sasa viti vimepangwa safu kama vya abiria. Mgeni aingia, apewa heshima ya kiti kikubwa, na wenyeji wamjibu huku macho yao yakipita juu ya bega lake. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Chumba chenyewe kimewaagiza hivyo. Wako wasemao kwamba chombo hakina wema wala ubaya, na kwamba yote hutegemea matumizi. Neno hilo ni kweli nusu tu, kwa sababu matumizi hufuata mazoea, na mazoea mara nyingi hufuata mahali vitu vilipowekwa.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu. Televisheni za sasa ni nyembamba na miguu yake ni midogo. Mtoto akivuta waya au akiparamia meza, yaweza kumwangukia, na katika nchi mbalimbali watoto wamekufa kwa ajali za namna hiyo. Mzazi aifungaye imara atimiza wajibu wake. Imara, twasema: skrubu iingie katika tofali lenyewe, isiishie kwenye lipu. Ukuta wa udongo usibebeshwe mzigo usiouweza. Tena hapa fundi ajaribiwa sana, kwani kazi yake yote hufichwa nyuma ya kioo, na ajuaye kama skrubu moja imeshika nusu ni yeye peke yake. Na mpangaji akumbuke kwamba ukuta una mwenyewe. Aombe ruhusa kwanza.

Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi, aliyefariki mwaka 1253, kuwa msimamizi wa televisheni. Mapokeo yasimulia kwamba usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani na masista wenziwe, alijaliwa kuisikia na kuiona ibada akiwa kitandani. Wengi husema aliiona juu ya ukuta wa chumba chake. Yafaa tuangalie ukuta ule ulikuwa wa nani: ulikuwa wa mgonjwa. Katika jamaa zetu yuko bibi asiyetoka tena nje, yuko mzee ambaye miguu imemgomea. Ni wangapi kati yetu waliofikiri habari zao kabla ya kumwita fundi? Twatundika mkabala na mlango, juu karibu na dari, mpaka watazamaji wainue shingo, ili kila aingiaye auone ukubwa wa kioo. Kimo kifaacho ni usawa wa macho ya mtu aliyeketi, yaani mita moja hivi, au zaidi kidogo, kutoka sakafuni hadi katikati ya kioo.

Kwa maoni yetu ukuta wa ubavuni wafaa kuliko ule ulio mkabala na mlango, na viti vibaki vikitazamana; atakaye kutazama ageuze kiti chake. Baba aweza kusema kwamba amekinunua chombo hicho kwa jasho lake. Ni kweli, lakini watakaokaa mbele yake mchana kutwa ni wengine. Basi boksi kilimokuja lishikwe ukutani jioni moja, kila mtu aketi mahali pake pa kawaida, bibi naye aletwe na kiti chake, waulizwe wote. Fundi aweza kungoja hadi Jumamosi nyingine.