Fungu la Malaika

Katika kisiwa cha Islay, nchi ya Scotland, kiwanda kidogo cha Kilchoman, mali ya jamaa moja, kilianza mwaka 2005. Sheria ya huko hairuhusu kinywaji kuitwa wiski mpaka kilale miaka 3 katika pipa la mwaloni. Ya kwanza yao iliuzwa 2009. Kila mwaka yapata 2 katika 100 huruka hewani, nao huita fungu la malaika. Subhana 'llah! Malaika hawanywi hata maji.

Baadhi ya viwanda vidogo, kwa haja ya fedha, huuza mapipa kabla hayajaiva. Basi Muislamu anunuaye pipa akasema, "Mimi sinywi", na ajue ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi, na mnywaji ni mmoja tu, mchukuzi yumo, muuzaji yumo, na mwenye kula thamani yake yumo.