Mgeni Njoo, Mwenyeji Aumie?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hebu tuupeleke msemo huu moyoni, yaani kwenye moyo wenyewe unaodunda kifuani. Mshipa umeziba, msuli wa moyo unakufa kwa kukosa damu. Daktari anauzibua, damu inarudi. Mgeni kafika. Lakini mwenyeji hajapona bado, maana damu ileile inayookoa inajeruhi pia. Robert Jennings na wenzake wa Marekani walilieleza jambo hili mwaka 1960 kwa majaribio ya mbwa, na hadi leo linawasumbua watafiti.

Tuelewane: mshipa lazima uzibuliwe, kwani kuuacha ni hasara kubwa zaidi. Swali ni nani anayejeruhi. Miongoni mwa watuhumiwa wamo askari wetu wenyewe, seli nyeupe za damu. Zile ziitwazo nyutrofili huvamia ndani ya saa chache, na kemikali zao hazichagui adui. Basi si tuwazuie tu? Ilijaribiwa. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani waliripoti kuwa steroidi kali ziliwaongezea wagonjwa madhara badala ya kuyapunguza. Baadaye zikaja dawa za kuzuia nyutrofili. Kwa wanyama zilifanya vizuri, kwa binadamu zikagonga mwamba.

Shida ni kwamba miongoni mwa askari hao wamo pia mafundi. Seli ziitwazo makrofaji huzoa mabaki na kusimamia ujenzi wa kovu. Ukiwafukuza wote, ukuta wa moyo unabaki dhaifu. Ndiyo maana utafiti wa sasa, mwingi ukitoka China na Marekani, hauulizi tena "tuwazimeje?" Unauliza "yupi, na saa ngapi?"

Sasa twende Kigera, Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Mtu anabanwa kifua usiku. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako mishipa ya namna hii huzibuliwa kwa mrija mwembamba, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Ipo pia dawa ya kuyeyusha bonge la damu, isiyohitaji mtambo huo, lakini faida yake hupungua kila saa inayopita. Kwa mtu huyu mgeni mwenyewe hajabisha hodi. Je, ni haki dunia kuchunguza madhara ya mgeni wakati wengine bado wanamsubiri mlangoni?

Ni rahisi kujibu kwamba hiyo ni anasa. Jibu hilo lina sura ya huruma, lakini ndani yake kuna dharau: linamwambia mtu wa Kigera kwamba maswali magumu si yake, yake ni gari la wagonjwa tu. Tena, maabara ya ng'ambo ikifungwa leo, fedha zake hazitageuka gari la wagonjwa la Musoma kesho.

Kosa ninaloliona mimi liko kwingine. Panya wengi wa majaribio haya ni vijana, hawana presha wala kisukari, na wamelelewa kwenye vizimba safi mno. Kinga ya mtu wa kando ya ziwa imefunzwa na malaria, na kichocho, pengine na virusi vya Ukimwi na dawa zake. Askari wake wamepigana vita vingine. Ukitaka kujua yupi azuiwe na saa ngapi, huwezi kumwacha nje ya hesabu, halafu ukamletea dawa iliyopimwa kwa miili mingine na kumwambia ni ya wote.

Kwa hiyo tunamdai mtafiti na serikali kwa pamoja. Serikali ifupishe safari ya mgonjwa, hilo halisubiri. Mtafiti naye amhesabu mgonjwa huyo tangu swali linapoandikwa, asimkumbuke siku dawa inapotafuta soko. Haki ya kupewa jibu bila kuwamo kwenye swali ni nusu haki. Au wewe msomaji unaonaje?