Riba na Saa za Angani
Leseni ya urubani wa ndege za biashara, kwa viwango vya kimataifa, hudai saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, na kila saa hulipiwa. Katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, ndege ndogo ikisubiri zamu huku injini inanguruma, mita inahesabu na shilingi za mzazi zinateketea. Mzazi akikopa, deni la benki huzaa riba hata mwanafunzi akikosa ajira au akianguka kipimo cha afya. Hapo ndipo katazo la riba katika Kurani linapogusa: kwa nini hasara yote imwangukie mkopaji? Katika mudharaba, ubia wa Kiislamu wa mtaji na kazi, mwenye mtaji hubeba hasara ya fedha, mtendaji hupoteza jasho lake. Mgawanyo huo una haki zaidi, ingawa faida ya kumsomesha rubani haijulikani mpaka aajiriwe.