Neno Alilokuja Nalo Mjukuu

Likizo moja ya Juni binti yangu mdogo alikuja kututembelea huku milimani Mbinga akitokea Dar es Salaam. Alimkuta bibi yake uwanjani anapepeta maharage, na ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani muda si mrefu. Akauchukua ungo mikononi mwa bibi yake kwa upole, akamwambia, "Bibi, relax."

Mama akanigeukia. "Baba, mtoto anasema nini?"

Nami, niliyefundisha Kiingereza miaka ishirini na saba, nikajibu bila kuinuka kitini kwamba anakuambia upumzike. Mama akatikisa kichwa. "Nimeamka napumua, nimesali napumua. Pumzi ninayo. Nipumzike nini?" Akaurudisha ungo wake mikononi.

Tulicheka siku ile, lakini jawabu langu limenisumbua tangu hapo, kwa sababu lilikuwa jawabu la kivivu. Neno lile halina maana ya kupumzika, au tuseme halikuanzia hapo. Asili yake ni Kilatini, relaxare, yaani kulegeza kitu kilichokazwa. Ndiyo maana Waingereza hulitumia hata kwa sheria, nasi tumewafuata tunaposema serikali imelegeza masharti. Anayeambiwa neno hilo anafananishwa na kamba iliyovutwa mno, na ushauri anaopewa ni kwamba aache kuvutika.

Sisi tulianzia pengine. Kupumzika kumetoka kwenye pumzi. Mwenye lugha alimwona mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani, akasimama kwenye kona ya njia hadi kifua kitulie. Yeyote aliyewahi kutembea kwa miguu katika milima ya Umatengo haulizi kwa nini. Lakini tazama sharti lililojificha humo: ili upumzike lazima kwanza uwe umehema. Mapumziko yetu yana risiti. Ndiyo maana mama alitafuta uchovu wake, asiuone, akaona hana haki ya kukaa.

Tunayo maneno mengine. Raha na starehe tumeyapata kwa Waarabu, na yanatoka katika mzizi mmoja na roho, jambo ambalo mimi huliona zuri kuliko Kilatini chote. Lakini tumeyafanyia nini? Mwambie mzazi kwamba kijana anayetaka kumwoa binti yake ni mtu wa starehe, uone kama mahari itapokelewa. Na kulegea ndiyo kabisa: mtu mlegevu ni mtu asiyefaa. Nadhani vijana wanaosema "nimerilaksi" hawafanyi ulimbukeni, kama nilivyokuwa nikiwaambia darasani. Walihitaji neno la kukaa tu ambalo halijabeba lawama, na nyumbani hawakulipata.

Lawama hiyo ina historia, na mimi ni mtoto wake. Tumekua na Uhuru na Kazi. Tulikwenda shuleni na majembe begani. (Neno shule lenyewe tulilipata kwa Wajerumani, nao walilitoa mbali, kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa na maana ya wasaa, muda ambao mtu hasukumwi na kazi. Wanafunzi wangu walikuwa wakidhani ninawatania.) Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na mtu aliyekutwa mjini hana shughuli aliweza kupelekwa kijijini kulima. Siibezi nia yake. Nasema tu kwamba ilitufundisha kumtazama mtu aliyekaa na kumdhania mkosaji.

Nami nilimdhania. Nilipostaafu nilijizoesha kushuka Mbamba Bay mara kwa mara kulitazama ziwa. Siku hizi kuna lami, ni safari fupi tu. Wakati wa matope tulikuwa tukiaga watu. Nikakaa kivulini mchangani, na karibu yangu vijana sita walikuwa wamelala fofofo, saa nne asubuhi. Nikamwambia mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kwamba taifa haliendi kwa usingizi kama ule. Akanitazama kwanza.

"Mwalimu, hawa wamerudi alfajiri. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea samaki hawaifuati taa, ndipo wanapolala usiku kama wewe."

Likizo yao inatolewa na mwezi. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, kivuli kilekile, nikitazama maji, na haikunipitia akilini kujihesabu miongoni mwa wavivu. Nilikuwa na pensheni.

Hapo ndipo ninapoanza kuona kwamba swali si maana ya neno tu, bali nani analipata na kwa gharama ya nani. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya mapumziko na wasaa. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Nilizipata zangu. Mama yangu amwombe nani? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kulisema hili waziwazi: kwamba wanawake vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwamba wanaume vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Tuliliimba Azimio. Kifungu hicho sikumbuki kukiimba.

Angalia ngoro, yale mashimo ya mteremkoni ambayo wageni huja kuyapiga picha, na wana haki, maana yameilinda milima hii isiporomoke tangu enzi za mababu. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana kama vyumba vya daftari la hesabu. Kisha, kwa desturi, kazi yake imekwisha. Mwanamke ndiye anayechimba kila chumba na kuufukia udongo juu ya nyasi, shimo baada ya shimo, mgongo umeinama, kisha anapanda maharage. Shamba likichoka, wote wawili hukubaliana lipumzishwe. Nimelisikia neno hilo likisemwa juu ya ardhi maisha yangu yote. Juu ya mama nililisikia kwa daktari.

Alikuwa amepanda shinikizo la damu, wiki chache baada ya Jumapili ile. Daktari kijana, mwenye adabu, alisema bibi apumzike. Tukarudi, nikamtolea kiti, nikamwambia akae. Alikaa siku tatu, na siku tatu hizo zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Alikuwa akihesabu: kuni hazipo, mtungi mtupu, maharage uani na mawingu yanakuja. Nilimwambia aache kufikiri. Ndiyo kusema, nilimwambia relax, kwa Kiswahili, nikiwa nimekaa kiti cha pili.

Siku ya nne binti yangu hakusema neno. Alichota maji, kisha akautwaa ungo. Anapepeta vibaya mno. Makapi yalibaki na maharage yakaruka, kuku wakashangilia. Mama alivumilia kidogo, halafu akashuka kitini, akakaa mkekani, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, na kuanza kumwelekeza: inua, geuza mkono, usipulize kama unapoza uji. Akawa anacheka. Baadaye sauti ikapungua, maelekezo yakaja moja moja, mikono ikalala mapajani.

Nilikuwa bado kitini. Mtungi wa pili ulikuwa haujajazwa.