Elimu Yetu Ina Deni Dzaleka



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeufungua wahyi wake kwa amri ya kusoma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu wanafunzi.

Malawi ilipata uhuru mwaka 1964, na mwaka uleule ikaanzisha chuo kikuu chake. Masomo yalianza 1965 huko Blantyre. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Malawi kilikuwa kimoja chenye matawi: Chancellor College iliyohamia Zomba, Polytechnic ya Blantyre, chuo cha kilimo cha Bunda hapa Lilongwe, chuo cha uuguzi tangu 1979, na chuo cha utabibu tangu 1991. Baadaye Bunda ilitoka ikawa LUANAR kwa sheria ya 2011. Mwaka 2021 matawi yaliyobaki yakawa vyuo vikuu vitatu: UNIMA ya Zomba, MUBAS ya Blantyre na KUHeS ya sayansi za afya.

Pengine utauliza, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu ana shughuli gani na habari za Bunda na Polytechnic? Ninayo, kwa sababu wanazuoni wetu wamefundisha kwamba kila fani ambayo umma hauwezi kuishi bila yake ni fardhi kifaya. Wakipatikana watu wa kutosha kuisimamia, waliobaki wamesalimika. Wasipopatikana, dhambi ni ya wote. Imam Ghazali katika Ihya aliutaja udaktari na hesabu miongoni mwa fardhi hizo, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye fikihi huku miji yao ikikosa tabibu Mwislamu. Kwa hiyo dada anayesomea ukunga na kaka anayesomea udongo wa mahindi wanatubebea mzigo sisi sote. Wakitia nia safi, wamo katika ibada.

Lakini nia safi ina sharti lake. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba haifai watu wote watoke kwa pamoja. Kila jamii itoe kundi likajifunze dini kwa undani, kisha liwaonye watu wake litakaporudi. Aya ina mambo mawili, kwenda na kurudi. Kwenda tunakujua sana: tunajua ada, tarehe za usajili na vyumba vya kupanga Area 25. Kurudi ndiko tunakokusahau.

Mimi nimekulia Dzaleka, wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa Lilongwe. Mahali pale palikuwa gereza la kisiasa enzi za Banda, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu wapatao elfu kumi. Leo wanaishi zaidi ya elfu hamsini, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini iliweka pingamizi kwenye vifungu vya kazi, vya kutembea na hata vya elimu. Matokeo yake tunayaona nyumbani. Namjua binti aliyepata pointi 14 katika MSCE. Chuo kimoja kilimkubali, kisha kikamtaka alipe ada ya mwanafunzi wa kigeni. Amezaliwa kambini, hajawahi kuiona nchi nyingine. Sasa anauza nyanya sokoni pamoja na mama yake.

Wako wanaosema, "Mwache angoje safari ya Marekani, atasoma hukohuko." Ndugu zangu, kungoja si mpango. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Basi vipi mwenye miaka kumi ya kungoja mbele yake?

Tukumbuke Ahlu Suffa. Walikuwa maskini wasio na nyumba wala jamaa Madina, wengi wao wahamiaji, wakilala kwenye kibaraza cha msikiti wa Mtume. Hakuna aliyewaambia wasubiri mpaka wapate makazi ndipo wasome. Walisoma palepale, na Ansari wenye mitende wakawaletea tende. Kutoka kibarazani pale alitoka Abu Huraira, ambaye mpaka leo tunapokea elimu yake. Na tuwe waadilifu: tangu 2010 Wajesuti wameleta masomo ya diploma ya masafa pale Dzaleka, na Waislamu wamesoma humo. Tuwashukuru, kisha tujiulize sisi Ansari wa leo tumepeleka tende ngapi.

Wengi wetu hatujafikia nisabu, kwa hiyo sisemi zaka. Nasema sadaka, na sadaka ya mwanafunzi ni ile aliyonayo. Likizo ijayo, mwenye hesabu akafundishe hesabu za kidato cha nne, wa KUHeS akafundishe bayolojia, na anayejua Chichewa vizuri akawasaidie waliokuja wakubwa. Tubebe mitihani ya miaka iliyopita. Tuwaonyeshe wadogo zetu namna ya kujaza fomu za maombi kabla muda haujapita. Na kila mwezi tuchange nauli moja ya minibasi, tulipie ada ya maombi ya mtu mmoja. Mmoja tu tuanze naye.

Siku ya Hesabu tutaulizwa tuliyoyajua tuliyafanyia nini. Jina la chuo kwenye cheti linaweza kubadilishwa kwa sheria, kama tulivyoona mwaka 2021. Swali hilo halibadiliki.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, wafungulie milango waliofungiwa, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudi. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.