Kabla Hujatia Dawa

Mjukuu wangu, iweke hiyo chupa chini kwanza. Umeniambia kwenye simu kwamba samaki wako wamepanda juu ya maji, wanatweta, na kwamba aliyekuuzia amekushauri utie dawa ya buluu kifuniko kizima. Yeye hajaliona tangi lako. Mimi nimeliona: ulilinunua Jumamosi, ukalijaza maji ya bomba jioni ile ile, na Jumapili ukatia samaki kumi na wawili.

Samaki anayetweta juu ya maji, mara nyingi ama amekosa hewa ama anaunguzwa na maji yenyewe. Kinyesi chake na chakula kinachobaki hutoa amonia. Huioni wala huinusi, lakini inababua mashavu anayopumulia. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia hiyo ikapungua ukali, nao huishi kwenye filta na changarawe. Kuenea kwao huchukua wiki nne hadi sita. Tangi lako lina siku tisa. Dawa gani itakuletea hizo wiki? Toa robo ya maji leo, urudishe maji yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Kesho ufanye vivyo hivyo. Chakula kiwe kidogo, kinachoisha kwa dakika mbili. Na stima ikipotea, kama kawaida yetu hapa Uthiru, koroga maji kwa kikombe. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya huku hubeba oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa hata joto likiwa sawa.

Ugonjwa utakaokujia wenyewe bila kualikwa ni madoa meupe, hasa Julai, nyumba zetu za mawe zinapopoa. Utaona samaki kama amenyunyiziwa chenga za chumvi, anajikuna kwenye mawe. Hapo ndipo nilipoaibika. Nilitia dawa siku tatu, madoa yakaisha, nikaacha. Wiki haijapita, tangi zima lilikuwa jeupe, na asubuhi moja niliopoa samaki watano kwa chujio la chai. Bibi yako hajanisamehe lile chujio mpaka leo.

Sikujua kwamba kile kimelea hujificha chini ya ngozi ya samaki, dawa isikipate. Kikishiba huanguka chini, hujifunika ganda, kisha hupasuka na kutoa watoto kwa mamia wanaotafuta samaki wa kumrukia. Ni hao tu, wanaoogelea, wanaokufa kwa dawa. Kwa hiyo madoa yakitoweka, usiache. Endelea hadi siku kumi na nne zitimie. Hita ipandishe maji polepole hadi nyuzi 28, mzunguko wa maisha ya kimelea uende mbio, na pampu ya hewa isizimwe. Chumvi pia husaidia: gramu 100 kwa lita 50, iyeyushe kwanza, uigawe kwa siku mbili. Kambare na mimea haviipendi, basi mgonjwa mhamishie ndoo ya pembeni.

Mapezi yaliyochanika na kuoza kingo, au manyoya kama pamba mwilini, anza na maji yale yale niliyokwambia. Vidonge vya antibiotiki vilivyobaki ulipougua kifua usivitie. Vitaua na wale bakteria wa filta, urudi siku ya kwanza.

Ukiona magamba yamesimama na tumbo limevimba, samaki kama koni ya msonobari, hapo figo zimeshindwa, na wachache sana hupona. Mtenge. Ukitaka kujua kilichomuua, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo Kabete, mwendo mfupi kutoka kwako. Waulize madaktari wao kuliko kuuliza mtaani. Aliyekufa mfukie shambani. Mtoni usimtupe, wala usimwachilie huko aliye hai.

Na ile sifongo ya filta, najua unaiosha kwa bomba hadi ing'are. Acha. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, uirudishe ikiwa bado ya kahawia.