Jembe la siku ya tatu

Mtu mzima akifa hapa kambini, neno la kwanza utakalolisikia msibani ni hili: "Mzee alikuwa mchapakazi." Ni sifa nzuri, na marehemu baba yangu alipewa na kila aliyesimama kuongea. Lakini mimi nauliza: je, mtu ni kazi yake? Na kama ndivyo, wale vijana waliokaa pale kwenye mabenchi, ambao hawajaajiriwa hata siku moja, wao ni nani?

Swali hili kwetu si la mchezo. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Baraka mwishoni mwa 1996, mwaka uleule kambi hii ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Tangu hapo wageni tumezaa na tumezika, na jembe bado. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi akae eneo alilopangiwa na atoke kwa kibali. Ukisema thamani ya mtu ni kazi, basi unasema thamani yetu ilibaki ng'ambo ya ziwa.

Kule nyumbani baba alikuwa mvuvi wa dagaa, sisi tunaita ndakala. Ni kazi ya usiku wa giza: mnawasha karabai, samaki wanafuata mwanga, mnavuta wavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, basi mvuvi analala kwake, mchana anashona nyavu. Ndiyo maana sikubali nikisikia eti baba hakupumzika maisha yake yote. Alipumzika, tena vizuri. Siku zile za mbalamwezi ndizo alizotubeba begani, akatufundisha kuhesabu kwa matundu ya wavu. Tukimsifu kwa uchovu peke yake, siku hizo nazo tunazifukia.

Hapa hakuna ziwa. Wajukuu wake wamezaliwa kambini, na wanamkumbuka mzee mwingine kabisa: aliyechomoa nyuzi kwenye mifuko mitupu ya mgao wa chakula, akazisokota, akafuma nyavu za magoli ya watoto wa mtaani. Hakulipwa hata senti. Siku ya maziko mjukuu mmoja akamuuliza shangazi yake, "Kumbe Babu alikuwa mvuvi?" Watu wakacheka, lakini mtoto alikuwa amesema jambo. Mikono ni ileile na fundo ni lilelile. Upande ule iliitwa kazi kwa sababu ilileta hela. Upande huu wapo walioiita kupoteza muda.

Mtu atanijibu: basi huku na kule alikuwa mchapakazi, wewe unabishia nini? Nabishia hiki. Kule alivuta wavu ili sisi tule. Hapa alifuma wavu ili watoto wacheze kama watoto wengine. Kilichomfanya awe baba, na baadaye babu, ni hao aliowafanyia. Kazi waliweza kumnyima, lakini watu wa kuwajali hakuna aliyeweza kumnyima. Hata mwaka wa mwisho, macho yalipokwisha na uzi akauacha, alikaa mlangoni akiwatambua watoto kwa sauti na kuuliza nani bado hajala. Ile utaiita kazi gani? Na bado sikumwona mtoto hata mmoja aliyemhesabu kuwa amepungua.

Jamani, sisemi kwamba kukosa kazi si kitu. Kijana anayeshinda kivulini mwaka hadi mwaka anaumia, na kumnyima mtu jembe ni kumnyima haki yake. Jambo hilo tusilifunike kwa maneno matamu ya msibani, wala tusimtumie marehemu kuwasuta walio hai: "Mzee alijituma, ninyi je?" Mzee alianza na ziwa. Wao walianza na foleni ya mgao.

Kwa hiyo tutakapokaa tena msibani, na tutakaa, tutaje kazi ya marehemu, lakini tusiishie hapo. Tuseme aliifanya kwa ajili ya nani, na siku ambazo hakuifanya alikuwa na nani. Hapo kijana wa kwenye benchi naye atasikia kitu anachoweza kukianza leo jioni, bila kibali cha mtu.